Video ya Mama Uliyoniomba

Nkuhungu, nyuma ya mashine ya kusaga,
Dodoma.
14 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Sostenes,

Nakusalimu mbukwa, mwana wa mama. Shikamoo yako nimeshaiitikia kabla hujaitoa: marahaba. Najua ungekuwa hapa mlangoni ungeitamka kwa kununa, kama mtoto anayenyweshwa mwarobaini, lakini ungeitamka. Hujambo wewe? Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimetulia? Wifi yangu hajambo? Na watoto je, hasa Ruthu, mwenye jina la bibi yake na ambaye hajawahi hata kubebwa na bibi yake, anaendeleaje na shule ya huko Nampula?

Sisi hapa ni wazima wa kujikongoja. Upepo wa Julai umeanza ubabe wake, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria zilizofunikwa, na asubuhi baridi inauma masikio. Baba Elisha mguu wake bado, anatembelea fimbo na hataki kuambiwa pole. Elisha kamaliza kidato cha nne, yupo yupo tu. Mimi nafungua kibanda, nafunga kibanda. Mpaka leo nikirudi jioni najikuta nabisha hodi chumba cha mama, halafu nakumbuka.

Barua hii anakuletea Mustapha, yule mfanyabiashara wa vitenge wa Busi ambaye mwaka juzi alikuletea ubuyu na karanga. Ndani ya bahasha kuna flashi nimeizungushia nailoni. Ningeweza kukutumia kwa simu, ila mtandao wa huko kwenu unaujua mwenyewe, na haya ninayotaka kukueleza si ya kuandika kwa kidole gumba. Sasa nisikilize. Usiichomeke flashi hiyo popote kabla hujamaliza kusoma mpaka mwisho. Siyo ombi, ni amri ya dada yako. Nakujua tangu mdogo, chakula kikiletwa wewe unaanza na nyama. Safari hii anza na ugali.

Kaburi la mama kule Mlali limejengewa. Tumeweka saruji ya kawaida bila vigae, maana mwenyewe alisema vigae vinateleza. Sijui nani atatembea juu ya kaburi, lakini ndivyo alivyosema na ndivyo tulivyofanya. Usijilaumu tena kwa kutofika kwenye maziko. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, na mtu haruki mto. Watu walielewa, na ambaye hakuelewa nilimweleza mwenyewe, akaelewa.

Mtama wa mama mkubwa Loisi mwaka huu umetoa mabua matupu. Mvua zilikuja zote kwa mkupuo mmoja, zikaondoka. Amevuna kidogo cha kupikia uji, na hata hicho ndege wameonja kwanza.

Nije kwenye ombi lako. Uliniandikia, 'Dada, nitafutie video ya mama akiimba. Ruthu ananiuliza bibi yake alikuwaje, na mimi nina picha moja tu ya kitambulisho, ambayo mama kanuna.' Kwa siku nyingi sikukujibu, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa sina cha kukutumia, na nilikuwa sijui nikuambieje kwamba mimi, katika watu wote, sina.

Kazi yangu unaijua, ni ileile. Nakaa kibandani na kompyuta yangu kuukuu, watu wanakuja na simu, memori kadi na flashi, nawaingizia nyimbo na video. Siku hizi wenye bando wanajitazamia wenyewe, lakini makondakta wa mabasi ya Kondoa, vinyozi, wenye baa, na akina mama wanaokuja mnadani kutoka vijijini bado ni wangu. Huwa lazima waonje kabla ya kuchukua. Kwa hiyo wao wanatazama video, mimi nawatazama wao, na baada ya miaka yote hii mtu akikanyaga tu mlangoni najua anatafuta nini.

Vijana wa bodaboda wanataka singeli. Hao sura ya mwimbaji hawana habari nayo. Kamera itetemeke, watu warukeruke uchochoroni, mmoja apande juu ya bati, basi, roho zao zimetulia. Wanatazama wakiwa wamesimama, mabega yanacheza yenyewe, na wakiondoka hawawezi kukuambia mwimbaji alikuwa mwanamume au mwanamke.

Mabinti wa saluni ni bongo fleva, na wao ni kinyume chake. Wimbo wataujua baadaye. Kwanza wanatazama msuko, kucha, gari, bwawa la kuogelea. 'Dada Emi, simamisha hapo hapo,' wananiambia, halafu wanaipiga picha kompyuta yangu wakamwoneshe msusi. Siku moja nilimuuliza mmoja wao, huyu kijana kwenye wimbo analia nini? Akanijibu, 'Kwani analia? Mimi naangalia koti.'

Wa taarabu ni wateja wangu wa heshima, wengi wao ni akina mama wa Kondoa waliohamia mjini. Video zao ukizitazama wewe utasema hazina kitu. Mtu kasimama na gauni linalometameta, anapeleka mkono kushoto, anapeleka mkono kulia. Lakini wao wanakaa kitako, wanavua viatu, wanatazama nani kanyanyuka kwenda kumtunza mwimbaji, na kanyanyuka kwenye neno gani. Mwanne wa duka la viungo anaweza kukusimulia ugomvi wa watu asiowajua hata majina, kwa kutazama tu nani kanyanyuka na nani kabaki kwenye kiti.

Wa gospo wanataka kulia. Sisemi kwa dharau, mimi mwenyewe ni wa gospo. Kuwe na mgonjwa kitandani au mjane kafukuzwa nyumba, halafu mwimbaji aonekane kwenye bustani ya maua, nguo haina doa, machozi yanamlengalenga. Kwaya nayo iwe na sare na hatua za kufanana, na nyuma yao kuwe na jumba ambalo hakuna hata mmoja wao anayeishi. Mteja wa gospo anatafuta sura ambayo ataamini imemwona Mungu. Akiipata hiyo, mengine yote anasamehe.

Wa mwisho ni watu wa kwetu, wale wa video za ngoma. Zimepigwa kwa simu, vumbi tupu, zeze halisikiki, mtoto anakatiza mbele ya kamera anakula muwa. Hao mwimbaji hawamtazami kabisa. Wanatafuta watu wao. 'Rudisha nyuma! Yule si Anyesi wa kwa mjomba? Mbona kakonda hivyo?' 'Na yule kule nyuma mwenye ndoo, ndoo si yetu ile?' Akina mama wanapiga ngoma za muheme mpaka ardhi inatikisika, na wao wanatazama ndoo. Nilikuwa nawacheka hadi nashika mbavu. Siwacheki tena.

Unakumbuka wimbo wa mama wa kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo? Alikuwa akituimbia tangu tuko wadogo Mlali. Unachimba kwa mikono, mchanga unarudi, unachimba, mchanga unarudi, na kule chini kabisa Mungu amekaa anakungoja na kata yake ya maji. Miaka mitatu iliyopita kwaya yetu ya hapa Nkuhungu waliupenda, wakaupeleka studio vilevile kwa Kigogo chake. Mama akaongoza, wenzake wakaitikia. Sauti utakayoisikia kwenye flashi hiyo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ni yake yeye. Hilo halina ubishi.

Ikaja siku ya video. Walikwenda kwenye nyumba ya mkubwa mmoja kule Iyumbu, nyumba yenye bustani na chemchemi ya kutengeneza inayorusha maji juu mchana kutwa. Watu wanaimba habari ya kukwangua mchanga kwa kucha, na maji yanarushwa hewani nyuma yao! Lakini ndivyo gospo inavyotaka. Mimi sikwenda, nilibaki kibandani. Mama aliondoka asubuhi kavaa sare mpya, zambarau yenye kola nyeupe, kajipaka mafuta mpaka kwenye viwiko. Siku moja kabla alikuwa amejitazama kwenye kioo cha kabati mpaka nikamtania kama kuna mtu anakuja kutoa mahari.

Kufika kule, Denis, yule kijana mpiga video, akawaeleza bila kuficha. 'Mama, sauti yako tunayo tayari. Video ni ya macho, na macho ya watu yanataka sura.' Mwalimu wa kwaya akakubali, kamati ikakubali. Wakamweka mbele Anitha, binti wa watu wa Bukoba ambaye baba yake alihamia hapa pamoja na wizara. Ni mzuri, sitasema uongo, Mungu alipomuumba hakuwa na haraka. Kazi yake ikawa kufuatisha mdomo. Sauti ya mama, mdomo wa Anitha. Na mama akaambiwa asogee pembeni, na sare yake mwilini.

Alirudi jioni kaikunja ile sare ndani ya mfuko. Nikamuuliza, vipi huko? Akasema, 'Imekwenda vizuri. Anitha kapendeza.' Akachukua ungo wake akaanza kuchambua mlenda. Mengine yote niliyasikia mtaani, nikawaka. Nilivaa viatu niende nikamkanyage mtu. Mama akanishika kanga. Akasema wimbo ukishafika kwa watu, aliyeubeba anatafuta nini tena, na kwamba nikienda kugombana nitamwaibisha yeye, siyo wao. Nikavua viatu.

Lakini tangu siku ile, kila nilipomwinulia simu nimpige video alijifunika uso na kanga. 'Mimi si wa kupigwa video, wenyewe wamesema.' Alikuwa anasema huku anacheka, na mimi nikawa nacheka naye. Kwenye maziko ya mjomba kajifunika, kwenye kipaimara cha Elisha kajifunika. Na ndiyo maana, mdogo wangu, mimi ninayeshinda katikati ya video za watu wote wa Dodoma, sina hata moja ya mama yangu mzazi.

Ile ya Iyumbu ikapendwa kupita zote zilizowahi kupita mikononi mwangu. Makondakta waliibeba mpaka Kongwa, mpaka Kondoa. Watu hawakujua hata jina la wimbo. Walikuwa wanasema, 'Nipe ule wa dada wa macho.' Kwa sababu Anitha kwenye video ile haitazami kamera. Anatazama pembeni yake kidogo, hapepesi, uso umemtulia na unang'aa, kama mtu anayepewa habari njema neno moja moja. Loo, wanawake walilia kibandani kwangu! 'Huyu anaona mbingu huyu,' walisema, wakajifuta kwa ncha za vitenge.

Na mama mara nyingi alikuwa palepale, kakaa kwenye stuli, anachambua majani yake. Wateja wakisema binti anaona mbingu, yeye anaitikia, 'Ndiyo, anaona.' Nilikuwa naungua, Sostenes. Nilitaka kuwapigia kelele kwamba sauti inayowaliza ni ya huyu hapa mwenye ungo. Kila nikifungua mdomo mama ananikanyaga mguu.

Mwaka jana koo lake likaanza. Mwanzo tulidhani ni mafua ya vumbi, tukachemsha tangawizi. Hospitali wakasema maneno marefu. Kufika Krismasi alikuwa anaongea kwa kunong'ona, na Februari akawa anaongea kwa mikono tu. Alipokuwa anaumwa mteja mmoja alikuja kutaka ule wimbo, nikauweka, sauti ikajaa kibanda kizima, na mwenye sauti amekaa hapo hawezi kuomba hata maji. Alifumba macho akawa anapiga paja lake taratibu kwa kiganja, kama alivyokuwa akipiga muheme ujanani. Tarehe ya kifo unaijua.

Arobaini tuliifanyia Mlali. Kwaya walikuja kwa gari, wakaja na projekta, wanataka kuonesha video ile kanisani kumuenzi mama. Kumuenzi! Nilisimama nikamwambia mwalimu wa kwaya, mtu mzima na suti yake, mbele za watu, kwamba kama amekuja kumzika mama mara ya pili basi achukue na jembe. Watu wakashika vinywa. Mama mkubwa Loisi ndiye aliyenivuta mkono. Akasema, 'Emiliana, sisi wa huku hatukumsikia Ruthu tangu alipohamia mjini. Acha tumsikie.' Kwa dada yake mama ningesema nini? Nikakaa.

Wakaziba madirisha ya kanisa kwa mablanketi, mchana ule ukawa giza, wakatundika shuka jeupe ukutani. Anitha alikuwa kwenye benchi la mbele na wenzake, kainamisha kichwa. Wimbo ukaanza. Sauti ya mama ikatoka pale, na uso mkubwa wa Anitha ukutani, na mimi nikatazama miguu yangu. Nilikuwa nimeapa sitautazama mdomo ule tena.

Sasa, wazee wa Mlali hawajui habari ya gospo na sura. Wao wanatazama video zote namna moja, ile ya ngoma. Wanatafuta watu wao. Nilisikia wakiulizana kwa sauti huyu mwembamba ni wa nani, na yule mwenye miwani si mkwe wa fulani. Mara mama mkubwa akasimama kabisa. 'Haa! Simamisha! Rudisha nyuma! Yule si Ruthu?'

Nikamwambia kwa ukali, mama mkubwa, mama hayumo humo, walimtoa. Akasema, 'Yumo. Yuko mlangoni. Mtazame shingo.'

Nyuma ya wanakwaya, nyumba ile ina mlango mkubwa wa vioo vitupu. Denis alikuwa amejibana upande ili yeye na kamera yake wasionekane ndani ya vioo. Alijiondoa mwenyewe, akamsahau aliyesimama ubavuni mwake. Kwenye simu na kwenye kompyuta yangu ndogo pale huonekana mng'ao tu, nami nimeuingiza ule mng'ao kwenye simu za watu miaka mitatu mizima bila kujua. Kwenye shuka lile akawa na kimo cha mtoto. Ni mama, taswira yake ndani ya kioo. Kavaa sare, kola nyeupe inaonekana. Mkono mmoja kashika kandambili za Anitha, maana Anitha alivalishwa viatu virefu vya kuazima. Mkono mwingine unapiga paja. Na shingo imelalia upande, vile alivyokuwa anailaza akiongoza wimbo. Anaimba, Sostenes. Mdomo wake unaenda na sauti yake, neno kwa neno.

Kanisa zima lilipiga kelele. Wengine wakalia, wengine wakacheka, mzee mmoja akamsalimia ukutani.

Anitha ndiye aliyekuja akapiga magoti mbele yangu. 'Dada Emi, kwani hukujua? Mimi Kigogo nilikuwa sijui hata salamu. Waliposema nifuatishe mdomo nililia, nikasema siwezi. Mama akasema atasimama karibu na kamera, nimtazame yeye tu. Kila neno alinionesha. Nikikosea anatikisa kichwa, anacheka, tunarudia. Siku nzima sikumtazama mtu mwingine.'

Nilimtazama binti yule ambaye nilikuwa simsemeshi. Nikawakumbuka wanawake wote waliolia kibandani kwangu kwa ajili ya macho yake, na mama kwenye stuli akiitikia, 'Ndiyo, anaona.' Alijua. Alikuwa anacheka moyoni, yule mama, na hakutaka kuniambia. Au alikuwa anangoja nimuulize. Hilo sasa sitalijua, na linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Nilirudi mjini nikamwendea Denis, nikamuuliza kama ana picha nyingine za siku ile. Hana. Alishazifuta zamani kupata nafasi ya harusi za watu. Aliona aibu, akajaribu kunikuzia mama pale kwenye kioo. Akamkuza, akamkuza, mpaka mama akawa vidoadoa vya zambarau na uso ukapotea kabisa. Nikamwambia, mwanangu, mrudishie udogo wake.

Kwa hiyo nilichokutumia ndicho hicho, hakuna kingine duniani. Usikitazamie kwenye simu, hutaona kitu. Tafuta televisheni kubwa, azima kwa jirani kama huna, na uzibe dirisha. Mwanzo utamwona Anitha, maua na ile chemchemi ya aibu. Vumilia. Ngoja ubeti wa pili, Anitha anapoinua mikono miwili. Hapo acha kumtazama yeye. Tazama mlangoni, upande wa kushoto, juu ya chungu cha maua. Tazama kama mtu wa Mlali.

Ubeti ukiisha Denis anasogeza kamera, jua linapiga vioo, mlango wote unakuwa mweupe. Mama anapotea hapo. Sauti inaendelea mpaka mwisho wa wimbo, na yeye hayupo. Nakuonya mapema kwa sababu mimi sikuwa na wa kunionya. Usirudishe nyuma mara nyingi. Mimi nimerudisha, na haisaidii, kila mara jua linakuja palepale.

Usidhani nimepona hasira. Bado ninayo, na sijui niipeleke wapi, maana kila niliyetaka kumgombeza nimekuta analia. Wateja wakiomba wimbo wa dada wa macho nawaingizia, wanalia, wanaondoka, na mimi nabaki natazama ule mng'ao. Chumba cha mama sijagusa kitu. Sare iko msumarini.

Baba Elisha anakusalimu sana, anasema mguu utapona ukija wewe kumsindikiza kuangalia shamba la zabibu. Elisha anakuamkia shikamoo mjomba. Mama mkubwa Loisi amekuota umekonda, anaagiza ule. Anna na Paulina wa nyumba ya pili wanakutumia pole nyingine, ile ya kwanza hawajui kama ilifika. Na Anitha naye anakusalimu. Huwa anapita Jumapili baada ya ibada, tunakaa tu, hatuna la kuzungumza zaidi ya mama. Msalimie wifi, mbusu kila mtoto kwa zamu asije mmoja akanuna. Mungu akupe maji ya karibu, na pale atakapokuacha uchimbe, akupe mikono ya kuchimbia.

Sasa unaweza kuifungua flashi. Mkalishe Ruthu karibu nawe. Atakuuliza, maana kila mtu huuliza, yule dada mzuri anamtazama nani hivyo. Usimwoneshe kioo kwanza. Mwambie, 'Anamtazama bibi yako.' Halafu mwoneshe.

Akupendaye na ambaye hatachoka kukugombeza,

dada yako,
Emiliana